Kanzu Mbichi

Shoka la Mama Suzanne liko hewani tangu wiki iliyopita, wasomaji wangu, na mkono wake umechoka. Haya, tulishushe.

Mnakumbuka tulipoachana. Uani kwa Consolate Kezimana, pale Lweba kando ya ziwa, jua la mchana linachoma, wanawake wa korali ya kanisa wamejaa hadi kwenye mihogo ya jirani. Mbele yao Mama Suzanne, kiongozi wao wa nyimbo, ameinua shoka la kupasulia kuni juu ya mtambo wa mafuta.

Mtambo wenyewe si kitu cha kuringia. Pipa la chuma, bomba la shaba, ndoo ya maji ya kupozea. Lakini ndani ya pipa lile majani ya mchaichai na ya umuravumba huchemka mpaka yatoe mafuta yao makali, na mafuta yale, yakichanganywa na mafuta ya kokwa za michikichi, ndiyo dawa pekee iliyobaki kwa choa cha Lweba, ule ugonjwa wa ngozi unaowasha. Vidonge vimeshindwa. Pomade za dukani zimeshindwa. Pipa likipasuka leo, watoto watajikuna mpaka watoke damu na hakuna atakayekuwa na la kuwapaka.

"Pasua!" sauti ilipigwa kutoka nyuma.

Shoka likashuka.

Lo! Consolate alikuwa ameshajitupa juu ya pipa, kifua na kichwa. Mama Suzanne alimwona wakati mikono imeshapata mwendo, akapiga ukelele, akapindisha mpini kwa nguvu zake zote. Chuma kikapita pembeni, kikazama udongoni karibu kabisa na mguu wa Consolate.

"We mwanamuke! Unataka nikuue?" Mama Suzanne aliuachia mpini kama umemchoma.

"Niue!" Consolate aliinuka, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani. "Mukinipasua kichwa, batanizika, mambo yataisha. Mukipasua pipa, nani atabapakia batoto benu? Diakre Albert?"

Binti yake, Pulchérie, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika korali hiyohiyo, alimshika mkono. "Mama, tuingie mu nyumba. Acha."

"Niache nini? Na weye toa hicho kitambaa ku shingo, unajifunga sawa muntu wa baridi ya musozi na jua yote hii!"

Pulchérie akauachilia mkono wa mama yake, akarudi nyuma ya watu.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nimwambie upesi: Consolate ni mkimbizi wa Burundi, kwao alikuwa infirmière, yaani muuguzi, na hasira zake zinajulikana mpaka Kazimia. Hapigi mtu. Anasema tu, na ukisemwa naye, bora ungepigwa.

"Haya, Mama Suzanne. Nieleze. Nilikukosea nini?"

"Ulinipaka ile mafuta, nikapona. Mbio mbio, hata mi mwenyewe nilikushukuru. Mwezi haukuisha, ikarudia. Ukanipaka tena, ikakawia, ikapona, ikarudia tena! Diakre alisema kweli. Unaponyesha bantu juu barudie kwako. Unapanda ugonjwa mu mafuta sawa vile bantu banapanda muhogo!"

"Kweli!" waliitikia wengine.

Diakre Albert, shemasi wa kanisa, ndiye mwenye farmasi ya barabarani. Jumapili iliyopita alisimama kanisani, Biblia kwapani, akatangaza kwamba choa ni alama ya dhambi iliyofichwa, na kwamba mafuta ya Consolate ni uchawi uliovuka na wakimbizi. Dhambi! Mama wa watu, mwenye kujikuna shingo, anaambiwa mbele ya mumewe na wakwe zake kwamba anaficha dhambi. Mimi ningekuwa kanisani siku ile, ningetoka na kiti.

Consolate alivuta pumzi. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Vua buluzi."

"Hapa inje?"

"Bamama, muzungushe vitenge. Banaume, mugeuke. Na we Gordien mufundi wa mitumbwi, geuka kabisa, nakuona."

Vitenge vikazungushwa, blauzi ikavuliwa. Consolate akainama, akatazama, na uso wake ukabadilika. Choa kilikuwa kimeuzunguka mwili wa Mama Suzanne kwa namna ya ajabu: shingoni pande zote, kwapani, na kwenye vifundo vya mikono kama bangili. Mgongoni, hakuna. Tumboni, hakuna.

"Nani mungine ilimurudia? Anyooshe mukono."

Mikono ilinyooshwa. Kumi, ishirini, msitu wa mikono, na yote ya korali.

"Ile mama ya samaki ndagala ya Kazimia, nilimupaka siku moja na weye, Mama Suzanne. Ilimurudia?"

"Apana. Yeye alipona."

"Na Gordien huyu?"

"Nilipona, Mama Pulchérie!" Gordien alijibu, mgongo umewaelekea. "Kabisa! Hata alama haiko."

"Unaimbaka mu korali, Gordien?"

"Mi? Korali gani!"

"Yeye anaimbaka akilewa tu," mtu mmoja alisema, na kidogo watu wangecheka, lakini Consolate hakucheka. Alikuwa akimtazama Mama Suzanne shingoni, kisha kwenye kifundo cha mkono, tena shingoni, kama fundi cherehani anayepima.

"Zile kanzu zenu nyeupe," alisema. "Nani anazifulaka?"

Wanawake wakatazamana.

"Nauliza. Nani anazifulaka?"

"Haziwezi kufuliwa," Mama Suzanne alijibu polepole. "Unajua. Weye pia ulibatizwa hapa."

Naam. Alijua, na wote walijua, na hakuna aliyewahi kulifikiria. Kanzu za korali ya kanisa lile ndizo hizohizo za ubatizo. Mtu anaingia ziwani amevaa kanzu, anazamishwa, anatoka. Kanzu anavuliwa inachuruzika, anavishwa wa pili, kisha wa tatu. Na ikishatoka majini haikamuliwi wala haitiwi sabuni, maana wazee waliosimamisha kanisa walisema maji ya ubatizo hayakamuliwi, kuyakamua ni kuimwaga neema chini. Basi huning'inizwa kivulini, zikunjwe zingali mbichi, zifungiwe ndani ya sanduku la bati. Jumapili korali inazivaa, zinaloa jasho, zinarudi sandukuni.

Ilikuwa heshima. Waliianza kwa moyo safi, nami siwacheki. Ila kuvu haijui heshima. Ikipata nguo mbichi na giza, imepata nyumba.

"Yesu wangu," alinong'ona bibi mmoja. "Kikulacho kiko mu nguo yako, bakubwa balisemaka."

"Unatukana ubatizo wetu?" Mama Suzanne alifoka, lakini kufoka kwenyewe kulikuwa kumepungua chumvi.

"Situkane ubatizo. Natukana sanduku. Sanduku iko wapi?"

"Kwa diakre. Mu farmasi yake, mu depo ya nyuma."

Hapo Consolate alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko matusi. "Kumbe! Jumapili munachukua choa mu chumba ya nyuma, Jumatatu munanunua pomade mu chumba ya mbele. Na mi njo mulozi!"

Akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Korali nzima ikamfuata. Mama Suzanne alilichomoa shoka udongoni akaenda nalo, na sijui kama mwenyewe alijua kwa nini.

Diakre Albert alikuwa mlangoni pa farmasi, shati limepigwa pasi, miwani kwenye paji la uso. Alipowaona akatabasamu.

"Amani ya Bwana, bamama. Mulimaliza ile kazi? Mulipasua?"

"Fungua sanduku ya kanzu," Consolate alisema.

Tabasamu likakauka. "Leo haiko siku ya ibada."

"Sikukuulize siku. Fungua."

"We mukimbizi! Tulikupokea hapa bila kitu, unakuya kuniamuru ku mulango yangu?"

"Mulinipokea, na nashukuru bale balionipokea. Mama Suzanne alinipatia sufuria yake ya kwanza. Jirani alinipatia shamba ya muchaichai. Weye ulinipatia nini, Diakre? Jina ya mulozi tu. Fungua!"

"Ile ni vyombo vya Mungu! Mwenye dhambi hawezi kuigusa!"

"Mwenye dhambi nani?" Huyo alikuwa Mama Suzanne, na sauti yake ilipanda mpaka juu. "Sema, Diakre. Mi? Nimeimba mu hili kanisa tangu niko mutoto. Nimejikuna shingo mpaka bwana yangu anaogopa kulala na mi. Sema dhambi yangu hapa, mbele ya bantu!"

Albert akaishusha miwani machoni.

Kelele zilikuwa zimefika kanisani, na Pasta Éliezer akatokea akitembea kwa fimbo yake, mzee mrefu aliyeshuka kutoka milimani zamani, wakati bado ana ng'ombe. Wakamweleza wote kwa pamoja, kila mtu na kelele yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Consolate.

"Unasema ugonjwa unapita mu nguo?"

"Unapita mu nguo, Pasta. Nguo mbichi, nguo moja kwa bantu wengi."

Mzee aliigonga fimbo chini. "Kwetu musozi," alisema, "kamba ya ng'ombe mwenye magamba hatuifungake ku ndama. Mutoto mudogo anajua vile. Na mi nimefunga bana ba Mungu na kamba moja, miaka yote hii." Akageuka, na hasira iliyokuwa usoni pake haikuwa ya Albert peke yake. "Albert. Fungua."

"Pasta, desturi..."

"Fungua, nimesema!"

Sanduku likaburutwa mpaka mlangoni, kufuli likatolewa, kifuniko kikainuliwa. Harufu ikawapiga usoni, harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Wanawake wakarudi nyuma wakiziba pua. Consolate akatoa kanzu ya juu, akaitandaza kwenye jua. Kola ilikuwa na madoa meusi. Vifundo vya mikono, madoa meusi. Kwapani ndiyo hata sisemi.

"Tunavaaka hii?" msichana mmoja aliuliza, akaanza kulia.

"Munavaaka," Consolate alisema. Alikuwa ameshinda. Kila mtu pale aliona kwamba ameshinda. Mama Suzanne alikuwa tayari ameinamisha macho, anatafuta maneno ya kuomba msamaha.

Halafu Consolate akaishika tena ile kanzu.

Akaisogeza kola puani. Akanusa. Akachukua kanzu ya pili, akanusa, ya tatu, akanusa. Chini ya ule uvundo kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya limau na majani. Harufu hiyo angeijua hata akiwa amelala, maana ndiyo iliyokuwa kwenye nywele zake, kwenye mashuka yake, kwenye chakula chake.

"Diakre," alisema. "Nani alitia mafuta yangu mu hizi kanzu?"

Jasho lilikuwa likimtoka Albert kwenye mdomo wa juu. Alimtazama Pasta, akalitazama shoka, akaona heri aseme.

"Zilikuwa zinanuka," alisema. "Bantu balianza kulalamika. Kufula, haiwezekane. Ningefanya nini? Nilikuwa natia matone mu ndoo ya maji, nazinyunyizia kidogo, kila Jumamosi. Juu zinuke muzuri. Ni marashi tu!"

Hebu nisaidieni, wasomaji. Mtu yuleyule! Jumapili anapiga meza kwamba mafuta ni uchawi, na Jumamosi yake alikuwa amepiga magoti depo, ananyunyizia uchawi huohuo nguo za Mungu ili zinukie!

Uwanja ulilipuka. Wengine walicheka, wengine walizomea, mmoja alimtupia Albert ndala ikampata sikioni. "Mulozi ni weye!" walipiga kelele. Mama Suzanne alimkumbatia Consolate kwa mkono mmoja, shoka mkono wa pili. "Nisamehe, dada yangu, nisamehe. Ile pipa hakuna mwenye ataigusa. Nitailinda mi mwenyewe!"

Lakini Consolate alikuwa amesimama kama nguzo.

Alikuwa anamkumbuka Dokta Jérémie wa mji wa Baraka. Ndiye aliyekwangua ngozi za watoto wa Lweba, akaiotesha ile kuvu kwenye visahani vyake, akaitilia dawa zote za dukani, na kuvu ikakataa zote. Ndiye pia aliyeitilia mafuta ya Consolate, na kuvu ikafa. Siku ile walicheka wote wawili. Kisha daktari akaacha kucheka.

"Mama," alimwambia, "unajua zile pomade zilishindwaje? Watu walipaka kidogo, wakaacha. Wakapaka tena kidogo. Waliionjesha kuvu dawa bila kuiua, nayo ikazoea. Mafuta yako tusiyaharibu hivyo. Ukiyatumia, tumia ya kuua. Kidogo kidogo ni shule."

Kidogo kidogo. Matone kwenye ndoo. Kila Jumamosi, kwenye kanzu mbichi zilizojaa kuvu.

"Ulianza wakati gani?" aliuliza. Hakupaza sauti.

"Tangu Pasaka."

"Bila kuruka?"

"Bila kuruka. Mi ni muntu wa utaratibu," Albert alisema, na maskini, alidhani anajitetea.

"Mi sijakuuzia mafuta hata siku moja. Nani alikupatia?"

Macho ya Albert ndiyo yaliyojibu. Yalimpita Consolate, yakampita Mama Suzanne, yakaenda kutua nyuma kabisa, kwa msichana aliyesimama peke yake, mikono mirefu ya nguo mpaka vidoleni na kitambaa kimezungushwa shingoni.

"Pulchérie?" Consolate alisema.

Watu wakapisha njia.

"Alisema ni kazi ya Mungu, Mama." Sauti ya Pulchérie, ile inayojaza kanisa bila kipaza sauti, haikusikika vizuri. "Alisema kama nakuambia, atanitoa mu korali."

"Anatukana mama yako mbele ya kanisa muzima, na unanyamaza? Unasimama nyuma yake, unaimba?"

"Niliogopa."

"Leo balitaka kunipasulia pipa! Na weye unanivuta mukono tu, 'Mama, tuingie mu nyumba'!" Consolate alikuwa ameshafika mbele yake, na mkono, ule ambao nimewaambia haupigi mtu, ulikuwa umepanda. "Nimekuzaa ao nimekuokota? Sema!"

Pulchérie hakukwepa. Aliinua mikono yake mwenyewe, akafungua fundo la kitambaa, akakiacha kianguke.

Choa kilikuwa kimemkaba shingo yote, pete ndani ya pete, kingo nyekundu na mbichi, kikishuka mpaka ndani ya nguo. Na kiling'aa. Kilikuwa kimepakwa mafuta, yameenea vizuri, hakuna pengo. Harufu ya mchaichai ikawafikia wote waliosimama pale.

Mkono wa Consolate ukashuka.

"Najipakaka, Mama," Pulchérie alisema, akilia sasa. "Asubuhi na magaribi, sawa vile unafundishaka bantu. Ile ya chupa kubwa, ile ya nguvu. Sirukake hata siku moja, tangu mvua ilianza. Haitoke, Mama. Inazidi tu."

Kelele za kuzomea zilikatika. Mwanamke mmoja alijigusa shingo, na wa pembeni yake akajigusa, na wa nyuma pia, mpaka korali yote ikawa imejishika shingo na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

"Mama Pulchérie," Mama Suzanne aliuliza taratibu, "mafuta imeshindwa?"

Consolate alimvuta binti yake kifuani, choa na machozi na mafuta na yote, akamshikilia hivyo. Juu ya bega la mtoto alikuwa akimtazama Diakre Albert, ambaye alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mlango wa farmasi yake, huku mkono wake ukitafuta komeo.

"Suzanne," alisema, kwa sauti ya chini ambayo Lweba haijawahi kuisikia kwake. "Nipatie hilo shoka."